Toleo Lililorukwa

Shufaa Shekiondo alibisha hodi ya kwanza saa mbili na nusu asubuhi, akiwa amesimama katikati ya karakana yake pale Lushoto, mikono imejaa grisi na moyo hauna raha hata kidogo.

Hodi yenyewe haikuwa ya mlango wa mbao. Hodi lilikuwa jina la programu ya simu ambayo chama cha madereva kiliitengeneza baada ya kuvutana na makampuni miaka minne mizima. Kila kampuni ya pikipiki za umeme ilikuwa na API yake, yaani mlango ambao programu moja huuendea kuomba habari kwa programu nyingine, na sheria ilizilazimisha ziwafungulie wenye vyombo. Unaingiza namba ya pikipiki, unaweka ufunguo wako wa siri, unataja unachotaka: historia ya masasisho, kuanzia lini mpaka lini. Halafu unangoja. Walioitunga sheria hiyo bila shaka walilelewa vizuri, maana waliruhusu hodi tatu tu kwa kila pikipiki, kama nyumbani kwa watu. Ukibisha mara tatu usipate ulichofuata, unaondoka, na mlango haukufungukii tena mpaka ziishe siku tisini.

Tena walitaka kila jibu lithibitishwe na binadamu, maana wananchi walikwisha kuchoka kujibiwa na mashine. Kwa hiyo kila hodi iliyobishwa mlima mzima ililia kwenye simu ya meneja wa kanda wa kampuni ya Mbayuwayu, na haikutoka kitu mpaka yeye mwenyewe aweke kidole gumba.

"Imekubali?" aliuliza Shekalaghe.

"Subiri, mdogo wangu. Labda anamalizia chai."

Shekalaghe alijaribu kucheka ikashindikana. Alikuwa dereva wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye kovu jipya lililotoka sikioni hadi kidevuni, na saa nne kamili alitakiwa mbele ya Baraza la Vyombo kueleza kwa nini alimtupa Mwalimu Namsifu bondeni. Wiki tatu zilizopita, Jumapili mchana, alimpakia mwalimu huyo mstaafu kumrudisha kwake Mombo. Chini ya Soni, kwenye kona wanayoiita Kona ya Birika, pikipiki ilikataa kushika. Yeye alitoka na kovu. Mwalimu alikatwa mguu chini ya goti.

Sasa dereva alisema pikipiki ilimkatalia, na pikipiki ilisema haina neno. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Sheria ya Ushahidi wa Vyombo ilianza na maneno mawili ambayo hata watoto wa shule waliyajua, Chombo hakidanganyi, na tangu ipite, kumbukumbu ya mashine ilihesabiwa ushahidi, na neno la mtu likahesabiwa dai tu. Kumbukumbu ya pikipiki ile ilisema betri asilimia themanini, breki nzima, programu sahihi. Basi kosa lilikuwa la aliyeshika usukani, na adhabu yake miaka minne jela.

Simu ililia. Shufaa alijifuta vidole kwenye aproni, akasoma.

Toleo 6.1.8, Januari. Toleo 6.2.0, mwanzoni mwa Machi. Toleo 6.2.2, Jumapili ile ile ya ajali, saa moja jioni.

"Mbona imeruka?" Shekalaghe alikuwa amesogea, anasomea begani kwake. "Sita mbili sifuri, halafu sita mbili mbili. Sita mbili moja iko wapi?"

Chini kabisa ya jibu kulikuwa na mstari wa maandishi madogo ambao yeye hakuuona. Shufaa aliuona. *Orodha hii ina masasisho yaliyokubaliwa kwa ufunguo wa mmiliki au kuingizwa na kampuni yenyewe.*

"Naona," alisema. "Naona imeruka."

Akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, maana tayari alijua toleo lile limelala wapi.

*

Ili mtu aelewe kilichomsumbua Shufaa, lazima aelewe kwanza kwa nini madereva wa mlimani hawajazi betri.

Mota inayoivuta pikipiki kupanda Lushoto ndiyo hiyo hiyo inayoishika wakati wa kuteremka. Ukiachia mafuta, kama wanavyosema bado ingawa hakuna mafuta yoyote, mota inageuka jenereta. Magurudumu yanaizungusha, yenyewe inatengeneza umeme na kuusukuma betrini, na kazi hiyo ndiyo inayoipunguza pikipiki mwendo. Breki za mkono zipo, lakini kwa mteremko wa Soni mpaka Mombo, kona juu ya kona, breki za mkono peke yake zinapata moto, zinanuka, halafu zinalegea.

Betri iliyojaa haipokei umeme. Isipopokea, mota haina pa kuusukuma, na mota isiyo na pa kusukuma haishiki kitu. Wapare na Wasambaa wa mabonde yale hawakuhitaji mhandisi wa kuwaambia. Walijifunza wenyewe, mwaka wa kwanza pikipiki zilipofika, na tangu hapo ikawa desturi: juu unachaji mpaka themanini, ishirini unauachia mteremko. Dereva aliyechaji mpaka mia alichekwa kijiweni wiki nzima, na abiria wa mlimani, hata bibi kizee, alichungulia kioo kabla ya kupanda. Mwalimu Namsifu naye alichungulia. Aliona themanini, akapanda.

Na sasa hiyo Ijumaa, siku mbili kabla ya ajali. Kila Ijumaa madereva thelathini na mmoja waliegesha pikipiki zao kwa Shufaa wakati wa sala ya mchana. Wale wa kanisani nao waliziacha, maana abiria huwa hawapo. Yeye alizikagua breki, akazipiga maji, akakubali masasisho kwa ufunguo wa karakana. Sasisho linalogusa breki au betri fundi hana ruhusa ya kulikubali kiholela. Lazima aiendeshe pikipiki mteremkoni, kisha ajaze: *Nimejaribu mteremkoni. Ndiyo au Hapana.*

Ijumaa ile sasisho liliandikwa "Maboresho ya afya ya betri". Mvua ilikuwa inanyesha kwa hasira, na kila pikipiki ilitaka nusu saa ya kwenda na kurudi. Shufaa alibonyeza Kubali mara thelathini na moja, na mara thelathini na moja akabonyeza Ndiyo, huku ameshika kikombe cha uji kwa mkono wa pili. Hakutoka hata nje ya kibanda.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na masasisho mia kabla ya hilo hayakuwa na madhara yoyote. Lakini akijieleza hivyo mwenyewe kimoyomoyo, maneno yale hayakumtuliza.

*

Meneja wa kanda hakukawia. Robo saa baada ya hodi gari lake lilisimama nje, akashuka kwa adabu zote, akakwepa dimbwi, akasimama mlangoni pa karakana. Anselm Rutashobya alikuwa mtu wa maneno laini, shati limenyooka, na alijua kuwaita watu kwa majina yao.

"Shikamoo, mama Shekiondo."

"Marahaba. Ingawa nadhani tuko umri mmoja."

Alitabasamu. Akamtazama Shekalaghe, akasema, "Bwana mdogo, tuachie dakika mbili na fundi." Shekalaghe alimwangalia Shufaa, Shufaa akaitikia kwa kichwa, kijana akatoka kwenda kukaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara.

"Nimeithibitisha hodi yako mwenyewe," alisema Rutashobya. "Umetumia ufunguo wa mmiliki. Umefanya vizuri. Zimebaki mbili, na nimekuja kukushauri kama ndugu, usije ukatumia ufunguo wa karakana."

"Kwa hiyo sita mbili moja lipo."

Hakukataa. Hilo lilimshangaza Shufaa zaidi ya yote. Alitegemea mtu huyu aruke futi mia, naye akavuta stuli akakaa.

"Lilikuwepo siku mbili. Wahandisi wetu wako Dar es Salaam, bandarini kule, tambarare. Waliona betri zinazeeka haraka, wakateremsha dari. Betri ikifika themanini ijihesabu imejaa, isipokee tena. Inaishi miaka mitatu zaidi. Nchi nzima ni jambo jema."

"Isipokuwa huku."

"Isipokuwa huku," alikubali. "Hawakujua kwamba nyinyi mnaanzia themanini. Nani angejua? Jumapili niliposikia ajali ndipo nikapiga simu, jioni dari likarudishwa. Hakuna atakayeumia tena, mama. Limekwisha."

"Na Shekalaghe?"

Rutashobya alishusha pumzi. "Nisikilize, tafadhali. Pikipiki hizi ndizo zinazoshusha wagonjwa. Ndizo zinazoshusha mboga. Ukilifukua hili, kesho hakuna mama mjamzito atakayekubali kupanda. Watu wangapi watakufia majumbani wakisubiri gari? Hilo la kwanza. La pili, jibu la ufunguo wa karakana halitoki bila jina la aliyeutumia, na kile alichojaza. Unajua ulichojaza."

Shufaa aligeukia mlango. Nje, Shekalaghe alikuwa anachora mchangani kwa kijiti.

"Kampuni haitakugusa," aliendelea Rutashobya kwa upole. "Ukinyamaza, hakuna wa kukuuliza. Kijana atakata rufaa, ataongea vizuri, pengine watampunguzia. Ana miaka ishirini na sita. Wewe una karakana ya miaka kumi na minne, fundi mwanamke wa kwanza mlima huu. Wasichana wangapi wamejifunza hapa?"

Hapo ndipo alipokosea. Mpaka dakika ile Shufaa alikuwa anayapima maneno yake, na kusema ukweli yalikuwa na uzito; hata hofu ya wagonjwa haikuwa ya kubuni. Lakini alipowataja wale wasichana, alijiona akiwafundisha: shika spana hivi, kaza hivi, na ukikosea mtupie dereva. Hasira ikampanda tangu kisiginoni.

"Bwana Rutashobya," alisema, "umeniita mama ukaingia kwangu. Sasa nakuomba utoke."

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiri wiki tatu. Nimechoka kufikiri."

*

Baraza la Vyombo lilikaa kwenye ukumbi wa zamani wa ushirika, wenye madirisha marefu na harufu ya kahawa isiyotoka. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Madereva wenzake Shekalaghe wote thelathini walikuwepo, helmeti mapajani, na mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, Mwalimu Namsifu na magongo yake. Mwenyekiti, Bi Perpetua Mbilu, alikuwa mwanasheria mfupi mwenye miwani mizito, asiyependa kupotezewa muda.

Karani alibisha hodi ya pili, kama taratibu zilivyotaka, kwa ufunguo wa mmiliki. Rutashobya, aliyekaa upande wa kampuni, alitoa simu iliyolia mfukoni, akaweka kidole gumba mbele ya watu wote. Majibu yakatokea ukutani. Mistari mitatu ile ile.

"Namba inaruka," alisema Shekalaghe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mheshimiwa, namba inaruka."

"Namba za matoleo huruka mara nyingi," alijibu Rutashobya, bila haraka. "Toleo linaweza kufa kiwandani kabla ya kutoka."

"Bwana Shekalaghe, una ushahidi wa chombo?" aliuliza mwenyekiti. "Au una neno lako?"

"Nina neno langu tu. Niliachia mafuta, haikushika. Ilikuwa themanini. Mwalimu mwenyewe aliiona."

"Neno la Mwalimu nalo ni dai," alisema Bi Perpetua, na ilionekana hakufurahia kulisema. "Sheria hii sikuitunga mimi."

Shufaa alikuwa safu ya nne. Alijikaza kisabuni, akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, imebaki hodi moja. Naomba niibishe mimi, kwa ufunguo wa karakana."

Ukumbi ulinong'ona. Rutashobya alishika ukingo wa meza.

"Wewe ni nani katika shauri hili?" aliuliza mwenyekiti.

"Fundi wa pikipiki hiyo. Shufaa Shekiondo. Ufunguo wa mmiliki hauonyeshi yaliyokubaliwa kwa ufunguo wa karakana. Sasisho mnalolitafuta hakulikubali yeye. Nililikubali mimi."

Shekalaghe aligeuka. Shufaa hakumkwepa macho, ingawa lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya siku ile. Kijana yule alikuwa amemletea nyanya za shukrani wiki mbili mfululizo kwa kumsaidia, naye alizipokea.

"Mheshimiwa," alisema Rutashobya akiinuka, "kampuni iko tayari kutoa muhtasari wa maandishi kuhusu matoleo yote. Hakuna haja ya kumdhalilisha mama huyu hadharani. Muhtasari utakuwa na tarehe na namba. Majina hayahitajiki."

Ilikuwa zawadi, na kila mtu aliielewa. Toleo litajwe, kijana pengine apone, fundi asitajwe. Mwenyekiti alimtazama Shufaa juu ya miwani, kama anayemwachia nafasi ya kukaa.

Shufaa alijua muhtasari wa kampuni utafika lini na utakuwa umepunguzwa wapi. Hata ungefika kamili, ungekuwa karatasi ya watu, dai kama madai mengine, na Shekalaghe angeshindwa nao mkononi. Kumbukumbu peke yake ndiyo iliyokuwa na kauli mahali pale, na kumbukumbu ilikuwa na jina lake ndani.

"Sitaki muhtasari," alisema. "Nabisha."

Alibonyeza. Simu ya Rutashobya ililia. Hakuigusa. Ililia tena, na ukumbi mzima ukamtazama kidole gumba.

"Bwana meneja," alisema Bi Perpetua, "hodi imebishwa kihalali. Ukikataa kuitikia nitaandika kwamba mmekataa, na nitaandika mbele ya nani."

Akaweka kidole. Mistari ikatokea ukutani, na safari hii karani alianza kuisoma haraka haraka, akafika kwenye namba na tarehe, akataka kuishia hapo.

"Soma mpaka mwisho," alisema Mwalimu Namsifu. Hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi. "Nimefundisha kusoma miaka thelathini na tisa. Mtoto aliyeruka mstari nilimrudisha mwanzo."

Karani akarudi mwanzo.

"Toleo 6.2.1. Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana. Mabadiliko: dari la chaji limeteremshwa kutoka mia hadi themanini, breki ya mota huzimwa dari linapofikiwa. Limekubaliwa kwa ufunguo wa karakana, Shufaa Shekiondo. Amejaribu mteremkoni: Ndiyo. Toleo limeondolewa Jumapili, saa moja jioni, kwa amri ya kanda."

Madereva walielewa kabla ya wanasheria. Mzee mmoja nyuma alisema polepole, "Kwa hiyo themanini ilikuwa imejaa," na mwenzake akajishika kichwa. Wote walikuwa wameteremka siku zile mbili, wakailaumu mvua breki zilipolegea. Mmoja alikuwa amempakia mtoto wake.

"Fundi Shekiondo," aliuliza mwenyekiti, "ulijaribu mteremkoni?"

"Hapana."

"Lakini kumbukumbu inasema Ndiyo."

"Inasema Ndiyo kwa sababu mimi niliibonyeza Ndiyo, nikiwa nakunywa uji. Mara thelathini na moja." Sauti yake ilipanda, akaiachia ipande. "Mnasema chombo hakidanganyi, mheshimiwa. Labda hakidanganyi. Lakini nilikidanganya mimi, na kampuni ikakifundisha kunyamaza, na kijana huyu aliyesema kweli tangu siku ya kwanza mkamwambia ana dai. Nifungieni mimi. Nastahili. Ila msiniambie tena kwamba ile pikipiki ni shahidi bora kuliko Shekalaghe, kwa sababu mnaona wenyewe ni nani aliyeiwekea maneno mdomoni."

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Perpetua alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaandika kwa muda mrefu kuliko watu walivyoweza kuvumilia.

Alipomaliza alisoma. Shekalaghe hana kosa. Kampuni ya Mbayuwayu inashtakiwa kwa kuficha toleo. Fundi Shekiondo amejaza uongo kwenye kumbukumbu ya usalama. Leseni yake inafutwa, na ufunguo wa karakana aukabidhi hapo hapo. Shauri lake la jinai litasikilizwa mwezi ujao. Kisha aliongeza jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote cha taratibu, akalisoma bila kuinua macho. "Baraza limepokea maelezo ya Mwalimu Namsifu na ya Bwana Shekalaghe kama ushahidi. Anayetaka kukata rufaa juu ya hilo, akate."

Ufunguo ulikuwa kipande cha bati cheusi cha kugusisha simu, kikubwa kama kidole. Shufaa alikitoa kwenye mkufu shingoni, alikokivaa miaka kumi na minne, akakiweka mezani. Kiliacha alama nyeupe ya jasho kwenye ngozi yake.

Alipopita mbele, gongo lilimzuia njia.

"Sijakusamehe," alisema Mwalimu Namsifu. "Nataka ujue hivyo. Usiku mguu usiokuwepo unaniwasha, na kuanzia leo nitakuwa na jina la kutaja."

"Ndiyo, mwalimu."

"Lakini umesoma mpaka mwisho." Akaondoa gongo.

*

Nje jua la saa sita lilikuwa kali na hewa baridi, kama kawaida ya Lushoto. Pikipiki zilikuwa zimepangwa chini ya ukuta wa ushirika, thelathini na moja pamoja na ile ya kuazima ya Shekalaghe. Shufaa alikaa kwenye ngazi. Shekalaghe alitoka, akasimama karibu naye, akatazama pembeni.

"Wiki tatu, dada," alisema hatimaye. "Ulikuwa unakula nyanya zangu."

"Nilikuwa nakula."

"Sijui nikwambie nini."

"Usiniambie kitu leo. Una haki."

Hakuondoka, lakini pia hakukaa. Wakabaki hivyo mpaka pikipiki zilipolia zote kwa mara moja, mlio mfupi wa kengele, na vioo vyote vikawaka. Madereva walikimbilia kutazama.

*Toleo 6.3.0 linasubiri. Maboresho ya usalama. Kubali au Baadaye.*

Kataa haikuwepo. Haijawahi kuwepo. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeona kwamba haipo, hata Shufaa, kwa sababu fundi alikuwapo wa kubonyeza. Sasa walimgeukia, thelathini na mmoja, kwa mazoea tu, wakisubiri aseme.

"Dada Shufaa," aliita mmoja, "tukubali?"

Alinyanyua mikono mitupu. "Mimi si fundi tena. Mmeona."

"Sasa tufanyeje?"

Angeweza kunyamaza. Alikwisha kulipa sehemu yake, na shauri lingine lilikuwa linamsubiri mwezi ujao. Lakini mlangoni pa ukumbi alimwona Rutashobya akitoka na wanasheria wake, anaongea kwa upole, analielekea gari, na hasira ya asubuhi ikarudi ikiwa nzima.

Alisimama.

"Kila mmoja ana ufunguo wake," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Hamkuutumia kwa sababu mlinitegemea mimi, na mimi niliwaangusha. Msimtegemee tena mtu. Hakuna anayebonyeza Kubali. Fungueni Hodi, ulizeni toleo hili linabadilisha nini, mstari kwa mstari. Mkijibiwa, muiteremshe moja polepole mpaka kona ya kwanza na kurudi, tupu, bila abiria. Ikishika, ndipo mkubali. Isiposhika, mnajua pa kuja." Alionyesha ukumbi. "Na wasipojibu, mna hodi tatu kila mmoja."

Walitazamana. Kisha yule mzee wa nyuma, aliyesema themanini ilikuwa imejaa, alikaa juu ya kiti cha pikipiki yake, akavaa miwani ya kusomea, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Mwingine akafuata. Shekalaghe alikuwa wa mwisho. Alimtazama Shufaa kwanza, muda mrefu, halafu akatoa simu yake.

Rutashobya alikuwa ameshafungua mlango wa gari simu yake ilipolia. Aliitoa, akatazama, akaweka kidole gumba kabla hata ya kusoma, kwa mazoea. Ikalia tena. Akasimama. Ikalia mara ya tatu, ya nne, kisha ikawa haiachi kulia, na ilimbidi aweke mkoba juu ya paa la gari ili apate mkono wa pili.

Aliinua macho kutafuta ni wapi zinatoka. Pale chini ya ukuta madereva wote walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao zilizozimwa, hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote, wakimngojea ajibu.